Nukta ndani au nje? Mitindo mitatu ya alama za mtajo katika Kiingereza

Maneno ya Kiingereza yaliyoifanya Ujiji ijulikane mbali ni yale yanayonasibishwa na Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone mwaka 1871. Ukiyafuatilia katika maandishi, utayakuta kwa sura hizi tatu:

“Dr. Livingstone, I presume?”
‘Dr Livingstone, I presume?’
“Dr Livingstone, I presume?”

Hakuna iliyokosewa. Ya kwanza ni ya Marekani: alama za mtajo mbilimbili, na nukta baada ya Dr. Ya pili ni ya vitabu vya Uingereza: alama mojamoja, na Dr bila nukta, kwa kuwa Waingereza hawaweki nukta kwenye kifupisho kinachobakiza herufi ya mwisho ya neno. Ya tatu ni mtindo wa kati, wenye umbo la Marekani na nukta za Uingereza. Makosa huanza pale ripoti moja inapofungua kwa mtindo wa kwanza, ikafika ukurasa wa tatu kwa mtindo wa pili, na kiambatisho kikaja na wa tatu kwa sababu kilichapwa kwenye kompyuta nyingine.

Anayeandika Kiingereza Kigoma au Tabora, awe mwanafunzi wa shahada anayemalizia utafiti, karani wa mradi Kasulu, au mfugaji nyuki anayetaka lebo ya asali ya kupeleka nje, hana budi kuchagua mmoja. Ugumu ni kwamba uchaguzi wenyewe ni wa mambo mawili, nao hufundishwa kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni umbo la alama: mojamoja au mbilimbili. La pili ni mahali pa nukta na mkato: ndani ya alama ya kufungia au nje yake. Ukiyatenganisha haya mawili, nusu ya utata inaisha.

Umbo: mojamoja au mbilimbili

Marekani huanza na mbilimbili, na nukuu iliyo ndani ya nukuu hupewa mojamoja. Wachapishaji wa vitabu wa Uingereza, Oxford na Cambridge wakiwamo, hufanya kinyume:

Marekani: The guide said, “Stanley asked, ‘Dr. Livingstone, I presume?’ and raised his hat.”
Uingereza: The guide said, ‘Stanley asked, “Dr Livingstone, I presume?” and raised his hat.’

Usichukulie kwamba Mwingereza yeyote huandika mojamoja. Magazeti ya kwao, kama The Guardian na The Economist, hutumia mbilimbili ndani ya habari. Kwenye vichwa vya habari nako ni kinyume: magazeti mengi ya pande zote mbili za Atlantiki huweka mojamoja ili kuokoa nafasi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mbilimbili si Kiingereza cha Uingereza anasema habari za vitabu tu.

Kwa mwandishi wa huku kwetu kuna sababu nyingine ya kuipima mojamoja mara mbili, nayo ni ritifaa. Alama ya kufungia mojamoja na ritifaa ni herufi ileile. Hata kompyuta haizitofautishi. Zote mbili zina msimbo mmoja, U+2019. Mwandishi wa London hukumbana na jambo hili kwenye don’t na John’s, na jicho lake limezoea. Sisi tuna ng’. Andika jina la kata ya Tabora mjini ndani ya mojamoja uone:

Traders in ‘Ng’ambo’ buy from farmers in Uyui.

Msomaji anafungua nukuu, anakutana na herufi mbili, anaona imefungwa, kisha anabaki na neno ambo linaloning’inia. Ripoti ya mifugo ya Igunga au Nzega, yenye ‘ng’ombe wa maziwa’ na ‘ng’ombe wa nyama’ karibu kila aya, huchosha kusomwa. Kwa mbilimbili tatizo halipo:

Traders in “Ng’ambo” buy from farmers in Uyui.

(Jina la mahali kwa kawaida halihitaji alama za mtajo kabisa. Hapa tumeliweka ili tofauti ionekane.)

Sababu ya pili inahusu mwandiko wa mkono. Kwenye karatasi ya mtihani, kwa kalamu ya wino inayovuja, alama moja ya juu hufanana na ritifaa, na mkato ulioteleza ukapanda. Mbili hazifanani na kitu kingine. Mwanafunzi wa sekondari anayejibu swali la kugeuza usemi wa taarifa kuwa usemi halisi hupunguza hatari ya kutoeleweka akiandika mbilimbili, mradi azifunge zote alizofungua.

Ya tatu itaeleweka zaidi tukifika kwenye Word: kutoka mbilimbili kwenda mojamoja ni kazi ya dakika chache, ilhali kurudi kutoka mojamoja kwenda mbilimbili ni kazi ya kupitia ukurasa kwa ukurasa. Anayeandika bila kujua kazi itapelekwa wapi aanze na mbilimbili.

Nukta na mkato: kanuni au mantiki

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Marekani nukta na mkato huingia ndani ya alama ya kufungia, hata kama havikuwamo katika maneno yaliyonukuliwa. Uingereza huuliza kwanza alama hiyo ni ya nani, ya maneno yaliyonukuliwa au ya sentensi ya mwandishi. Mtindo wa kati hufuata swali hilohilo la Uingereza, ila kwa alama mbilimbili:

Marekani: The elders call the tree “mninga,” and they guard it.
Uingereza: The elders call the tree ‘mninga’, and they guard it.
Kati: The elders call the tree “mninga”, and they guard it.

Mkato ule si sehemu ya jina la mti. Ni pumziko la sentensi ya mwandishi, na ndiyo maana Uingereza unauacha nje.

Mwishoni mwa sentensi tazama kama ulichonukuu ni kipande au ni sentensi nzima. Kikiwa kipande, mitindo inaachana:

Marekani: The chairman called the road “a trap for lorries.”
Uingereza: The chairman called the road ‘a trap for lorries’.

Ikiwa ni sentensi nzima iliyotangulizwa na mkato au nuktapacha, yote mitatu hukutana, nukta ikiwa ndani:

Marekani na kati: The chairman said, “The road is a trap for lorries.”
Uingereza: The chairman said, ‘The road is a trap for lorries.’

Kosa tunalolikuta mara nyingi hapa ni nukta mbili, moja ndani na nyingine nje, mwandishi akitaka kuwa salama pande zote. Hakuna mtindo unaokubali hivyo.

Nukuu iliyokatwa katikati na maneno kama she said huwasumbua hata waandishi wazoefu. Chukua sentensi ya asili isiyo na mkato wowote: Honey sold well because the rains came early. Ukiikata baada ya neno la kwanza:

Marekani: “Honey,” she said, “sold well because the rains came early.”
Oxford: ‘Honey’, she said, ‘sold well because the rains came early.’

Oxford huweka mkato wa kwanza nje kwa sababu msemaji hakutua baada ya honey. Hata hivyo, hadithi na riwaya zinazochapishwa Uingereza kwa kawaida huweka mkato wa mazungumzo ndani kama Wamarekani. Basi anayeandika hadithi fupi kwa mtindo wa Uingereza asishangae kuona vitabu alivyonavyo havifuati mantiki waliyomfundisha. Mantiki ni ya maandishi ya taarifa na taaluma. Mazungumzo ya hadithi yana desturi yake.

Upi ni rahisi? Marekani, bila ubishi. Haukutaki ufikiri, na zaidi ya hapo una kipimo ambacho mingine haina. Ukimaliza kuandika, fungua kisanduku cha kutafuta, andika alama ya kufungia ikifuatwa na nukta, kisha rudia kwa alama ikifuatwa na mkato. Kwa mtindo wa Marekani majibu yote mawili yanapaswa kuwa sifuri. Likitokea moja, umepata kosa. Mantiki ya Uingereza haina kipimo cha namna hiyo, lazima usome kila nukuu na uamue. Katika ripoti ya kurasa 60 iliyoandikwa na watu wanne, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini urahisi huo una gharama yake pale nukuu inapobeba kitu ambacho mtu atakiandika au kukibonyeza kama kilivyo. Tazama maelekezo ya malipo kwa simu:

Marekani: To pay, dial “*150*00#.”
Kati: To pay, dial “*150*00#”.

Anayesoma la kwanza ana haki ya kujiuliza kama nukta ni sehemu ya namba. Ndivyo ilivyo kwa nywila, jina la faili, anwani ya barua pepe na namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwandishi aliyelazimishwa mtindo wa Marekani atoroke kwa kuondoa alama za mtajo kabisa: namba iandikwe kwa herufi nzito au ipewe mstari wake peke yake.

Kuna nafasi moja ambapo hata Wamarekani huwaachia watu wa isimu wafanye tofauti. Anayeandika kuhusu Kiha au Kinyamwezi kwa Kiingereza huliweka neno la lugha hiyo kwa herufi za mlazo, kisha maana yake kwa mojamoja, hata kama kazi nzima ni ya mbilimbili, na mkato au nukta hubaki nje ya alama hizo za maana. Usiibadilishe desturi hiyo ili ilingane na sehemu nyingine za kazi, maana wasomaji wa fani hiyo wanaitegemea.

Yasiyobadilika popote

Nuktamkato na nuktapacha hukaa nje katika mitindo yote. Alama ya kuuliza na ya mshangao hufuata mantiki kila mahali, Marekani ikiwamo: ikiwa swali ni la msemaji, ndani, ikiwa ni la mwandishi, nje.

The visitor asked, “Is this Ujiji?”
Did the visitor really say “this is Ujiji”?

Sentensi yako ikiwa swali na nukuu nayo ni swali, weka alama moja tu, ya ndani:

Who said, “Dr. Livingstone, I presume?”

Nukuu ikiendelea kwa aya zaidi ya moja, kila aya hufunguliwa kwa alama, lakini ya kufungia huwekwa mwisho wa aya ya mwisho tu. Wachapaji wengi hufunga kila aya, na msomaji hudhani aya inayofuata imesemwa na mtu mwingine.

Kisha kuna alama za mtajo zinazowekwa kwa ajili ya msisitizo. Hili halina mtindo, ni kosa tupu, na ndilo linaloweza kugharimu fedha. Tabora inajulikana kwa asali, na chupa inayoandikwa “PURE” TABORA HONEY humwambia mnunuzi wa Kiingereza kwamba muuzaji mwenyewe haamini asali yake ni halisi. Kwa Kiingereza, neno moja lililofungiwa hivyo pasipo kunukuliwa kutoka popote husomwa kwa kejeli: eti halisi. Bango la “fresh” migebuka kule Kibirizi lingesomwa vivyo hivyo na mtalii anayesubiri boti ya Gombe. Kwa msisitizo tumia herufi nzito au kubwa. Na ukishaandika so-called, usifungie neno linalofuata kwa alama, maana kejeli tayari imeshasemwa.

Majina ya kazi hayasumbui sana. Makala, sura ya kitabu, shairi na wimbo hupewa alama za mtajo. Kitabu, gazeti na meli huandikwa kwa herufi za mlazo. Kwa hiyo jina la meli MV Liemba halifungiwi: Liemba hulazwa na MV hubaki wima.

Kazi inakwenda kwa nani

Anayeipokea kazi ndiye mwenye uamuzi, na mara nyingi ameshauandika mahali fulani. Uliza mwongozo wa uandishi kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Chuo kikitaka APA, mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na vyuo vingi nchini huutumia katika elimu na sayansi za jamii, umeshachaguliwa mtindo wa Marekani wote: mbilimbili, nukta na mkato ndani. Idara ya fasihi ikitaka MLA, au ya historia ikitaka Chicago, ambayo nayo ni miongozo ya Marekani, ni vivyo hivyo. Usichukue nusu. Tahajia ni jambo lingine. Unaweza kuruhusiwa kuandika labour na programme kwa Kiingereza cha Uingereza huku alama zikiwa za Marekani, ili mradi mwongozo wa chuo haukatazi.

Miongozo hiyo mitatu inatofautiana kuhusu nukuu ndefu inayojitenga na kuondolewa alama. APA huanzia maneno 40. MLA hutazama mistari: nathari ikizidi mistari minne, ushairi ukizidi mitatu. Chicago huanzia takribani maneno 100. Katika APA na MLA nukuu hiyo husogezwa ndani nusu inchi, yaani sentimita 1.27. Ukishaisogeza, ondoa alama za kufungua na kufunga. Kuziacha ni sawa na kusema mara mbili kwamba unanukuu, na wasahihishaji hulizungushia duara kosa hilo upesi.

Mabano ya rejea nayo huvuruga kanuni ya nukta ndani. Kwa nukuu fupi katika APA na MLA, nukta husubiri mabano:

The report describes the catch as “falling steadily” (p. 14).

Nukta haipo ndani ya alama, wala haiko kabla ya mabano. Kwa nukuu ndefu iliyojitenga hugeuka: nukta kwanza, mabano baadaye, na hakuna nukta nyingine baada ya mabano. Kile kipimo cha sifuri bado kinafanya kazi hapa, kwa kuwa baada ya alama ya kufungia kuna nafasi na mabano, hakuna nukta.

Wanafunzi wanaotafsiri wenyewe vifungu kutoka vitabu vya Kiswahili wajue kwamba APA huhesabu tafsiri yako mwenyewe kuwa maelezo kwa maneno yako, hivyo haifungiwi kwa alama, rejea inabaki. MLA na Chicago huruhusu alama, ukitamka kwamba tafsiri ni yako. Ni tofauti ambayo wasimamizi wachache huitaja, na humkuta mtafiti mwenye aya nyingi za kurekebisha siku za mwisho.

Kwa ripoti za miradi, hasa Kigoma ambako mashirika ya Umoja wa Mataifa yamefanya kazi na wakimbizi kwa miaka mingi, mtindo wa kati ndio wa nyumbani. Nyaraka za Umoja wa Mataifa hutumia mbilimbili, na mkato hukaa nje usipokuwa sehemu ya nukuu. Karani aliyezoea APA chuoni hujikuta akiusukuma kila mkato ndani, na mhariri wa ofisi kuu anautoa tena. Mfadhili wa Marekani mwandikie Kimarekani. Mchapishaji wa vitabu wa Uingereza mpelekee mojamoja, au mpelekee mbilimbili yenye nukta za mantiki na umwachie wahariri wake wabadilishe umbo. Hilo huwachukua muda mfupi, kuhamisha nukta ndiko kunakowachosha. Rejea za Harvard, zinazopendwa na vyuo vyenye asili ya Uingereza, hazina kitabu kimoja cha sheria, kwa hiyo hapo mwongozo wa idara yako ndio wa mwisho.

Kama hakuna anayekuamuru, mathalani unaandika tovuti ya nyumba ya wageni, kipeperushi cha safari za ziwani au maelezo ya makumbusho ya Ujiji yatakayosomwa na wageni wa kila upande, tunashauri mtindo wa kati. Mbilimbili haimkwazi Mwingereza, ng’ haijifungi yenyewe, na namba za simu na za malipo zinabaki safi. Hasara yake ni ile tuliyotaja: hauna kipimo cha sifuri, kwa hiyo lazima mtu mmoja asome maandishi yote akitafuta nukta tu. Kama hakuna mtu wa kazi hiyo, chukua wa Marekani.

Kwenye Word na simu

Kabla ya mtindo, hakikisha alama zako zote ni za aina moja. Kuna alama zilizonyooka, zinazofanana upande wa kufungua na wa kufunga, na kuna zilizopinda. Kwa kazi ya kuchapwa tumia zilizopinda. Kwenye Word nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha AutoFormat As You Type, uweke tiki kwenye mstari wa smart quotes. Kwenye Google Docs ni Tools, halafu Preferences. Maandishi yaliyobandikwa kutoka WhatsApp huja na zilizonyooka kwa kawaida, na faili lililopita mikono ya steshenari mbili huwa na mchanganyiko. Ili kuzilainisha zote, ukiwa umeweka tiki ile, bonyeza Ctrl+H, andika alama mbilimbili kwenye kisanduku cha kutafuta, alama ileile kwenye cha kubadilishia, kisha Replace All. Fanya hivyo pia kwa mojamoja; hapo ritifaa nazo zitapinda, na ndivyo inavyotakiwa.

Word huchagua upande kwa kutazama kilicho kabla ya alama. Kikiwa nafasi, inafungua. Kwa hiyo ritifaa inayoanza neno, kama ya mwaka uliofupishwa ’90s, hupinda upande usio wake. Andika ritifaa mbili mfululizo, kisha futa ya kwanza. Baada ya kistari kirefu pia upande hukosewa mara nyingine, pitisha jicho.

Sasa kubadilisha kazi nzima kutoka mbilimbili kwenda mojamoja. Hifadhi nakala kwanza. Shughulikia nukuu za ndani kabla ya za nje: kwenye kutafuta andika ^0145, ambayo ni alama ya kufungua mojamoja iliyopinda, na kila unapoipata weka ## mahali pake na mahali pa mwenzake wa kufunga. Usifanye kwa Replace All, kwa sababu mwenzake ana msimbo mmoja na ritifaa, nawe hutaki kugusa ng’ombe. Halafu badilisha mbilimbili zote kuwa mojamoja kwa mpigo. Mwisho badilisha ## zote kuwa mbilimbili. Ukiruka hatua ya kwanza, nukuu za nje na za ndani zitakuwa sura moja na hutaweza kuzitenganisha tena.

Mtego upo kwenye inchi. Ripoti ya kisima yenye bomba la 6" itageuzwa kuwa 6', na inchi sita zimekuwa futi sita. Tafuta inchi zote kabla ya Replace All na uandike 6 in. Safari ya kurudi, kutoka mojamoja kwenda mbilimbili, haina njia ya mpigo: don’t itakuwa don”t na kila ng’ itaharibika. Hapo ni kupitia moja baada ya nyingine, ukibonyeza Replace au Find Next.

Kwa Kigoma kuna jambo moja zaidi, la majirani. Faili lililoanza Bujumbura au Kalemie mara nyingi limewekwa lugha ya Kifaransa, na ukibonyeza alama ya mtajo Word inakupa « » badala ya “ ”. Kibodi haijaharibika. Bonyeza Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, uchague Kiingereza, kisha rudia ile Ctrl+H ya kulainisha. Zile « » zilizokwisha kuandikwa hazitaguswa na amri hiyo. Zibadilishe kwa amri yake, ya kufungua peke yake na ya kufunga peke yake, na ufute nafasi ambayo Kifaransa huacha kati ya alama na neno. Kwenye simu unazipata zilizopinda kwa kushikilia kidole juu ya alama ya mtajo mpaka chaguzi zijitokeze, nazo « » zimo humohumo, kwa hiyo angalia kidole kinapoachia.